Gololi ya Babu na Kisomo cha Ijumaa

Kariakoo, Dar es Salaam
Jumanne, mchana

Mama yangu mpendwa, Bi Somoe,

Shikamoo mama. Magoti yanasemaje? Rehema ameniambia siku hizi unaswali umekaa kwenye kiti, nikasikitika, maana najua usivyokipenda hicho kiti. Na presha umekwenda kupima? Dawa usizikatize eti kwa kuwa unajisikia vizuri. Mimi mwili wangu mzima, sina homa wala kikohozi. Roho ndiyo haina raha hata kidogo.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Simu yako, mama, ikilia tu Mjomba Issa anaiweka spika, na baraza zima linanisikiliza. Haya ya leo siwezi kuyasema mbele ya baraza. Nimemkabidhi Rehema mkononi, anapanda basi la Masasi kesho alfajiri, na nimemwapisha asimpe mtu mwingine hata akibembelezwa. Ingia chumbani, vaa miwani, usome mwenyewe.

La kwanza kabisa, kabla sijaeleza lolote: ile Albadiri ya Ijumaa isisomwe. Waambie mashehe wasije. Kama Mjomba ameshanunua mchele, upikeni mle. Hakuna mwizi, mama. Gololi ya Babu haikuibiwa, na Mangi Elinami hakubadilisha kitu. Aliyeiharibu ni mimi, kwa mkono huu huu unaoandika. Kisha nikamsingizia mzee wa watu mbele ya mtaa mzima, kisha nikakupigia simu nikakudanganya na wewe mama yangu, ukalia. Yarabi, hata kuiandika naona haya.

Nianze mwanzo ili uelewe. Mangi ndiye mwenye duka la vifungo na nyuzi hapa karibu na Msimbazi, ambaye mwaka wa sita huu nauza shanga kwenye kibaraza chake. Ni mzee wa Kichaga, mtu wa kanisa, mwenye wajukuu, na ugonjwa wake ni gololi. Si hizi mpya za watoto. Anakusanya za zamani, za kioo kizito, anazo kwenye makopo ya maziwa ya unga. Jumapili akitoka kanisani tunakutana Mchikichini kwenye mitumba, tunapekua magunia ya midoli ya Ulaya. Chini kabisa, kati ya vigari vilivyokatika magurudumu, huwa hazikosekani gololi mbili tatu. Vijana wanamtania, "Mangi, mpaka leo unacheza gololi?" Naye anawajibu, "Nacheza, njoo nikufunge uende kwenu unalia."

Yeye ndiye aliyenifundisha kuzitambua. Gololi ya mashine imeviringika pande zote, haina alama. Lakini za zamani zilikatwa moja moja kwa mkono kutoka kwenye ufito wa kioo cha moto, na pale zilipokatwa hubaki kovu. Sisi tunaliita kitovu. Nyuzi za rangi zilizomo ndani hutoka kitovu kimoja zikaenda hadi cha pili. Nyingine ukiziweka chini ya ile taa ya kukagulia noti zinawaka kijani, mama, utadhani zina jini. Nilinogewa. Mimi niliyeishia darasa la saba nikawa mtu wa kuulizwa: "Zuhura, hii ya lini? Zuhura, hii ya mkono?" Kichwa kikavimba, nisikufiche.

Ndipo Idd ile nilipokuja nyumbani nikakuomba gololi ya Babu. Ukaitoa kwenye kibweta chako, ukaniambia, "Baba yangu alikuja nayo kutoka Lindi alikokuwa mpishi, na sikuwahi kumuuliza alipewa na nani. Kaniulizie ilitoka wapi, nijue kabla sijafa." Nikakwambia tulia, hiyo kazi ndogo.

Siku niliyomwonyesha Mangi aliitazama mpaka chai yake ikapoa. Akasema, "Zuhura, hii ni ya mkono. Kitovu hiki hapa, na kingine hiki. Nadhani ni ya Wajerumani, lakini mimi nadhani tu. Kuna mzee mwenzangu wa Tanga anajua kuliko mimi, nitamwita Jumamosi. Mpaka aje, usiiguse. Hata kuiosha, usiioshe." Nikasema sawa Mangi. Akaiweka kwenye droo ya meza yake, droo isiyo na kufuli, ambayo na mimi huwa naifungua kutafuta mkasi.

Ijumaa akaenda Posta kufuatilia karatasi zake, akaniachia duka. Nilikuwa nasugua shanga. Unajua shanga za kioo zikija mpya zina ncha kali, zinakata uzi, kwa hiyo kabla ya kuzitunga nazipitisha moja moja kwenye msasa. Kazi hiyo mikono yangu inaifanya hata nikiwa napiga soga na mteja. Basi nikafungua droo, niione tu gololi ya Babu. Kitovu kimoja kilikuwa na ukingo mkali, na uchafu wa miaka umeingia humo ukawa mweusi. Nikajisemea, mgeni atoke Tanga kote huko aje aone mali ya mama yangu imechakaa hivi? Nikaupitishia msasa ule ukingo, kidogo tu.

Kioo kikafanya ukungu. Nikasugua kuondoa ukungu, ukazidi. Nikachukua msasa laini wa maji, nikasugua, nikamalizia na dawa ya meno kama tufanyavyo kwa shanga kubwa. Upande ule ukang'aa. Sasa upande wa pili ukaonekana mbaya, nikaufanya na wenyewe ufanane. Mama, nilipomaliza nilifurahi! Niliiinua juani nikasema mashallah. Vitovu vyote viwili nimevifuta, alama pekee ambayo mtu angeitumia kukujibu swali lako, na mimi nimesimama hapo nachekelea. Nikairudisha kwenye droo nikaendelea na shanga zangu.

Jumamosi mgeni akaja, na lenzi yake kama ya sonara. Akaigeuza, akaigeuza. "Mangi, uliniambia ni ya mkono. Kitovu kiko wapi?" Mangi akaichukua, akaisogeza kwenye mwanga, akasema, "Siyo ile." Akapekua droo, akainama chini ya meza, mzee yule, na mgongo wake mbovu. Kisha akaniuliza kwa upole kabisa, "Zuhura, umeiona ile ya mama yako?"

Hapo ndipo nilipojua nimefanya nini. Jibu lilikuwa ulimini, mama, sentensi moja tu. Lakini mgeni ananitazama, na vijana wa meza za jirani wameshasogea kuona kuna nini, nami ndiye mjuzi wa gololi, Zuhura wa kuulizwa. Nikaona bora nife kuliko kusema nimeipiga msasa. Nikapandisha sauti: "Si ilikuwa kwenye droo yako? Unaniuliza mimi?"

Basi, Kariakoo unaijua. Kufumba na kufumbua watu wamejaa. "Oya, Mangi kampiga dada wa watu gololi ya mama yake!" Mama Chausiku, yule mama ntilie anayetuuzia chakula mchana, akaja na mwiko wake mkononi: "Mzee mzima huoni aibu? Urithi wa mama wa mwenzio!" Mangi hakugombana na mtu. Aliingia ndani akatoa makopo yake yote, akatandika kanga ya dukani juu ya kibaraza, akamwaga gololi zake zote alizokusanya tangu ujana wake. Akaniambia, "Mwanangu, chagua ya mama yako."

Nilipiga magoti, mama. Nikajifanya natafuta. Nikaokota moja moja, nikazielekeza juani, nikazirudisha, watu wamenizunguka wananionea huruma, na gololi ya Babu yenyewe iko juu ya meza mita moja kutoka nilipo. Nilipofika mwisho nikasema, "Haimo." Mtu mmoja nyuma akasema, "Ameshaiuza huyo." Nami nikanyamaza. Hicho kimya ndicho kinachoniua.

Jioni nikakupigia simu nikasema imebadilishwa. Ulivyolia, nilitaka kukata. Mjomba akaingilia, "Ijumaa tunasoma Albadiri, huyo mwizi atajuta," nami nikaitikia sawa Mjomba. Rehema naye mdomo wake unaujua, aliposikia kwa Mjomba akaitembeza hapa sokoni. Kufika jana asubuhi mtaa mzima una habari kuwa huko kusini kinakuja kusomwa kisomo juu ya Mangi, na hapa hata asiyejua msikiti uko wapi anaiogopa Albadiri. Wateja wakawa wanapita upande wa pili wa barabara. Mbeba mizigo wake wa miaka yote alikataa kuingia ndani ya duka, eti hataki kuwemo siku litakapoanguka.

Na huyo Mangi, mama, jana hiyo hiyo alinitolea meza yangu kama kawaida. "Umeamkaje, Zuhura?" Nikajifanya nahesabu shanga.

Leo asubuhi akaja akakaa kwenye stuli yangu ya pili. Akaniuliza, "Hicho kisomo chenu kinafanya nini?" Nikamwambia, huku natazama chini, kuwa kinamwendea aliyedhulumu, popote alipo. Akasema, "Kinampata yeye tu?" Nikasema ndiyo. Akatia mkono mfukoni, akanitolea kipande cha msasa akakiweka kati ya shanga. Shanga huwa nazisugulia juu ya msasa uliolala. Huu ulikuwa umekunjwa kama kikombe, wa kusugulia kitu cha mviringo, na ndani yake dawa ya meno imekauka.

"Niliuokota Jumamosi jioni," akasema.

"Mbona hukusema, Mangi?"

"Nilikuwa nakungoja wewe." Kisha akaongeza, "Mwambie mama yako asisome. Mimi sina hofu. Nakuhofia wewe."

Mama wee! Nililia pale kibarazani mpaka watu wakadhani nimepata msiba. Nikasimama nikamwita Mama Chausiku, nikawaita na vijana, nikawaambia yote, kuanzia msasa mpaka lile neno "haimo". Hakuna aliyenifokea, na hilo lilikuwa baya zaidi. Kijana mmoja akasema tu, "Dada, kumbe wewe ndo noma," wakatawanyika. Mama Chausiku mchana huu amepita na masinia, kawapa wote chakula, mimi kaniruka. Sikumwita.

Nilimwuliza Mangi kama swali lako bado linaweza kujibiwa. Aliitazama sana gololi kwa lenzi yake. Akasema, "Nilichokiona siku ile nilikiona, lakini siwezi tena kumwapia mama yako. Hakuna atakayeweza." Kwa hiyo, mama, hutajua gololi ya baba yako ilitoka wapi. Uliniomba jambo moja katika uzee wako na hilo nimekunyang'anya kwa kutaka sifa. Ninairudisha kwa Rehema, imefungwa kwenye kitambaa cheupe. Utaiona inang'aa. Najua ulivyoipenda vile ilivyokuwa, na sijui nikuombe msamaha kwa maneno gani.

Nisalimie Mjomba Issa, umwambie mpwa wake ndiye muongo, asimtafute mwingine. Msalimie Shangazi Biti Ali, na mdogo wangu Hawa na watoto wake, na Bibi jirani anayekuletea maji. Mangi anakusalimu sana. Amesema ukipata nafasi angependa uje Dar akuone.

Mama, Mjomba namjua kwa haraka zake, na basi nalo linaweza kuharibika njiani. Ikiwa barua hii itafika mashehe wameshaketi na chetezo kinafuka, na hawakubali kuondoka bila kusoma, basi nakuomba kwa Mwenyezi Mungu wasilitaje jina la yule mzee. Wapeni langu. Nimejaribu kuliandika kwenye kikaratasi pembeni ili Rehema awape, kama mtu anavyotajwa kwenye kisomo, kwa jina la mama yake. Nilipofika kwenye jina lako kalamu ikasimama. Nimekichana kile kikaratasi mara mbili. Lakini hakuna namna nyingine ya kulitaja, na mwenye kosa lazima ajulikane, kwa hiyo nalitia sahihi hapa, unisamehe mama na hili nalo.

Ni mimi,
Zuhura binti Somoe