Mishi Yuko Ukutani

Msambweni, Alhamisi, 1957

Asubuhi mvua, mchana jua la kupasua kichwa, na sasa jioni pametulia utadhani hapakutokea jambo. Nimeshika kalamu. Mimi huyu, ambaye mwalimu mkuu huniita cherehani kwa wingi wa maneno, leo nimerudi kutoka Mombasa njia nzima kimya.

Nimemwona dada yangu Mishi.

Mishi alifariki mwanawe hajaachishwa ziwa. Huyo mwanawe, Mejumaa, sasa yuko darasa la tatu, darasa langu mwenyewe. Tunaishi naye hapa nyumbani, mimi na mama yangu. Shuleni huniita Mwalimu, nyumbani huniita Mama Mdogo, na hajapata kukosea hata siku moja. Picha ya mamake hana. Nani alikuwa na picha huku kwetu? Kila akienda kulala huniuliza, "Mama alikuwaje?" Zamani nilikuwa nikimjibu sawasawa. Siku hizi, Mungu anisamehe, najibu kwa kubahatisha. Juzi nilimwambia mamake alikuwa na macho madogo, na nilisema hivyo kwa kuwa yeye mwenyewe anayo.

Basi leo niliwapeleka watoto kwenye nyumba moja ya maonyesho ya picha kule Mombasa. Nilimsumbua mwalimu mkuu mpaka akachoka, akakubali. Nilitaka waone kwamba mtu anaweza kukaa na rangi na brashi na ikawa ni kazi.

Mlangoni mwa chumba cha kwanza pana picha ya mzee wa ndevu nyeupe, kakaa kitini. Watoto wangu wamelelewa. Walimpa shikamoo mmoja mmoja, na wale wa nyuma wakawa wanasukumana wasikose zamu. Mlinzi, mzee wa Kimombasa aliyevaa kofia iliyoshonwa kwa mkono, alicheka hadi akajishika mbavu. "Mashallah, Mwalimu, umewafunza adabu," akaniambia. Nami nikavimba kichwa, nikatembea mbele kama mke wa liwali.

Chumba cha pili ndicho kilichonimaliza.

Niliinua macho tu, nikamwona. Kakaa juu ya jamvi uani, leso imefungwa kifuani, mabega nje, kichwa wazi. Nywele zimesukwa upande mmoja, upande wa pili zimesimama. Anacheka, na mwanya wake uko pale pale. Sikio moja lina jasi, la pili halina. Jasi la pili lilitumbukia kisimani siku ya Idi, na Mishi akakataa katakata kununuliwa jingine. Hakuna mwanamke mwingine katika pwani hii aliyetembea na jasi moja kwa ukaidi.

Nilitaka kusema bismillahi nikaisahau. Wallahi niliisahau.

Pembeni mwa picha pana jina la mchoraji, yule bibi wa Kizungu aliyekuwa amepanga nyumba Diani miaka ile baada ya vita, akizunguka na baiskeli na mkoba wa rangi. Mimi wakati huo nilikuwa bweni. Sikujua kama alifika kwetu, wala hakuna aliyenihadithia.

Na macho yake si madogo. Ni makubwa. Nimekuwa nikimdanganya mtoto.

Kabla sijapata akili ya kuwaondoa watoto, walikwisha kunizunguka. Huyu hawakumwamkia. Walianza kugongana viwiko, wakacheka chini kwa chini. Kisha mmoja akasema kwa sauti iliyofika chumba kizima, "Mwalimu, tazama huyu, hana hata haya. Kichwa wazi, na wanaume wanapita." Akacheka kwa nguvu, kichwa nyuma.

Alikuwa ni Mejumaa.

Mkono wangu uliinuka. Haukufika, lakini uliinuka, na mtoto aliuona. Akaacha kucheka, akanitazama asielewe kosa lake ni lipi. Ningemwambia nini? Huyo unayemcheka ndiye uliyemlilia? Mbele ya wenzake, ambao kesho wangeyafikisha kila nyumba kwamba mamake Mejumaa yuko Mombasa, katundikwa ukutani bila mtandio, na kila mwanaume anaingia kumtazama? Nikajisimamisha mbele ya picha, nikatanua buibui, nikasema, "Twendeni, twendeni, chumba kingine." Nimefundisha darasa hilo tangu mwaka uanze, na leo ndiyo mara ya kwanza wamenitii bila swali.

Nikitoka, nilimwuliza mlinzi picha zile zinakaa mpaka lini.

"Mwisho Jumamosi, mwanangu," alisema. "Jumapili zinafungwa kwenye makasha, zinapakiwa melini kwenda Ulaya. Kwani vipi? Mbona umesawijika?"

Nikamwambia ni jua.

Kwa hiyo zimebaki siku mbili. Baada ya hapo uso wa mamake Mejumaa utakuwa kwenye sebule ya watu wasiolijua hata jina lake. Nikinyamaza, nimeificha aibu, na mtoto ataishi na macho madogo niliyomzulia. Nikisema, nimemvunja yeye na nimemvunja bibi yake.

Nimefika nyumbani nikamtuma Mejumaa dukani, kisha nikamwamkia Mama na kumweleza yote pale pale, viatu miguuni. Alikuwa anamenya muhogo. Hakuacha.

"Kichwa wazi?"

"Wazi, Mama."

"Na wanaume wanapita?"

"Wanapita."

Akamenya muhogo mwingine mzima. Nilikuwa nangoja nikatazwe nisilitaje tena jambo hilo. Badala yake akasema, "Yule Mzungu nilimruhusu mwenyewe. Alikuwa mwanamke mwenzetu, akakaa nasi uani, akala chakula chetu. Mishi nilikuwa namsuka mimi. Nilidhani anachora akatazame peke yake. Hakutuambia ataianika."

Mama alijua. Miaka yote hii Mama alijua, na mimi ninakisia macho.

Nikataka kumkasirikia. Sikuwahi, kwa sababu aliweka kisu chini akaniuliza polepole, "Anafanana?"

"Ni yeye, Mama. Kama atanyanyuka."

"Mimi uso wake umeniponyoka," akasema. "Sauti ninayo. Mwendo wake ninao. Nikifumba macho naona nywele zake, kwa kuwa nilizisuka. Uso sina. Nimemzaa mimi, na uso sina."

Sijapata kumwona Mama akilia kwa ajili ya Mishi, hata siku ya mazishi. Leo nimemwona, na maji ya muhogo yakiwa bado mikononi mwake.

Mejumaa aliporudi, Mama alimketisha kwenye jamvi akamwambia mwenyewe, bila kuzunguka. Mtoto alinitazama mimi, akautazama mkono wangu.

"Ni yule niliyemcheka?"

Mama ndiye aliyejibu. "Hata yeye alikuwa na kicheko cha ovyo, akicheka majirani wanatoka nje. Umekitoa kwake."

Mejumaa akalia, kisha akauliza kama mwanya ule ni wa kweli au umechorwa tu. Nikamwambia ni wa kweli. Hilo nililijibu bila kubahatisha.

Jumamosi tunakwenda watatu. Mama ameshafungua sanduku na kutoa leso mpya, doti nzima, ameikunja juu ya buibui lake. Nilimwuliza ya nini. "Mtoto atamtazama mamake mpaka atosheke," akasema. "Na mimi nimtazame. Tukimaliza, tutamfunika."

Nikamwambia, Mama, ile si mali yetu, watatufukuza. Akasema picha ni yao, Mishi ni mwanawe, na kama kuna mtu wa kumweleza Mzungu jambo hilo, basi ndiyo maana alinisomesha.

Kizungu ninakijua. Nimekaa hapa tangu magharibi nikitunga sentensi ya kwanza, nikiikata, nikiitunga tena. Mtu anaanzia wapi kumwambia mgeni kwamba mzigo anaotaka kuupakia melini ni dada yangu?