Maelezo Kuhusu Soksi ya Upepo Niliyoishona

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limehifadhiwa kwa ombi lake, kazini huitwa Mama Pacha
Umri: miaka 24
Kazi: mfanya usafi, kiwanja kidogo cha ndege
Makazi: chumba cha kupanga, nyuma ya kiwanja

Mimi nafagia ofisi, nafua mapazia na kufukuza mbuzi njiani kabla ndege hazijatua. Mnamo tarehe 9 mwezi huu msimamizi wa kiwanja aliniletea soksi ya upepo, ule mfuko mrefu wa kitambaa unaoning'inia mlingotini ili rubani ajue upepo unatoka wapi na una nguvu gani. Ilikuwa imechanika mara ya tatu. Kwa kuwa nina cherehani, aliniambia niishone isimsumbue tena. Niliitia bitana ya turubai, mishono miwili miwili, kama ninavyofanya magoti ya suruali za wanangu. Msimamizi aliivuta kwa nguvu, akasema hii sasa itatuzika sote. Tulicheka.

Tarehe 12, saa nane mchana, upepo ulianza kuja kwa vishindo, unatulia, unarudi. Ulitoka ubavuni mwa njia ya ndege. Uliangusha ndoo yangu, ukang'oa nepi kwenye kamba ukazibandika kwenye uzio. Nilipotazama juu, soksi ilikuwa imelala, inainuka kidogo na kushuka. Nilimwendea msimamizi, ambaye ndiye anayeongea na marubani kwenye redio. Kipimo cha upepo kimekufa tangu mwaka jana, hivyo hutazama soksi dirishani. Alinijibu bila kugeuka: "Mama Pacha, upepo unasomwa kwenye soksi, hausomwi kwenye nepi."

Nilirudi kubandua nepi kwenye uzio. Nilikuwa nimekesha na mtoto mwenye homa, nikajiona mjinga.

Saa nane na dakika arobaini ilitokea ndege ndogo ya injini moja. Rubani namfahamu; huwaita wanangu marubani wasaidizi, huwauliza kama wameshakunywa maziwa kabla ya safari. Alikuwa peke yake. Nilimsikia redioni akiuliza upepo. Msimamizi alimwambia ni mdogo, ashuke tu. Gurudumu moja liligusa. Kishindo kikaja, bawa la upande wa upepo likanyanyuka, jingine likachimba ardhi. Ndege ikajizungusha, ikaacha njia, ikalala mtaroni. Hakuna aliyetoka.

Nilikimbia. Alikuwa hai, damu inamtoka masikioni. Aliniuliza, "Mama Pacha, soksi si ilikuwa imelala?" Nikamwambia ndiyo, ilikuwa imelala. Tangu hapo hajasema neno.

Saa kumi na moja jioni nilimkuta msimamizi ameshaishusha soksi yangu, anafunga nyingine mlingotini, nyepesi, sijui aliipata wapi. Aliniambia kwa upole tu: "Mdogo wangu, una watoto wawili. Rubani alizembea. Tuache hapo."

Mama yake rubani naye ameambiwa hivyo hivyo, akiwa amekaa kando ya kitanda cha mwanawe hospitalini. Hakuzembea. Ile soksi niliishona mimi, turubai ikaifanya nzito hata upepo usiweze kuiinua, msimamizi akaipandisha bila kuijaribu, rubani akaiamini. Turubai iliyobaki nimekukabidhi, afande.

Nimesomewa. Ni maneno yangu, na nikiitwa tena nitasema haya haya.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

Yameandikwa nami, koplo wa zamu, tarehe 14, saa nne hadi saa tano na nusu asubuhi. Shahidi alionywa kwamba huenda akashtakiwa yeye mwenyewe. Akasema, andika. Msimamizi wa kiwanja alifika saa tano, hakuitwa na mtu. Yuko kwenye benchi la nje. Shahidi na watoto wake wametolewa kwa mlango wa nyuma.