Mjumbe wa Kila Bodi

Jumatatu, 3 Machi

Asubuhi bodi ya hospitali. Mchana kamati ya nidhamu ya chama cha mawakili. Jioni jopo la mitaala. Biskuti zilezile kila mahali – nadhani kuna mtu mmoja anaziuzia kamati zote. Tangu nimzike mume wangu sikatai uteuzi wowote. Watu wanasema Profesa ana moyo wa kujitolea. Moyo gani! Nyumbani kimya tu. Mkutanoni angalau kuna feni.

Sijisikii vibaya. Sijisikii chochote.

Jumatano, 5 Machi

Baraza la kitivo. Mwenyekiti ana haraka, anawahi ndege. Katibu anasoma, mimi nachora maboksi pembeni mwa karatasi. Ikifika "nani anaunga mkono?" nanyoosha. Wenzangu wameshanizoea, hawahangaiki – wananiachia mimi ili tutoke mapema. Tumetoka mapema.

Alhamisi, 6 Machi

Binti yangu kapiga simu. Hata shikamoo hakuna. Kauliza kama ni kweli baraza limeamua kufunga chumba chake – kile cha msaada wa sheria wa bure, ghorofa moja chini ya ofisi yangu – mwisho wa mwezi, kigeuzwe sebule ya wageni wa bodi ya chuo. Nikamwambia haiwezekani, mwanangu, nilikuwepo.

Akasema ndiyo Mama, ulikuwepo. Wewe ndiye uliyeunga mkono.

Mungu wangu.

Na hata kama ningekuwa macho! Mama mzazi wa mwanasheria wa chumba kile alipaswa kutangaza maslahi na kutoka nje. Ninalifundisha hilo kila mwaka, tena kwa mbwembwe.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeshuka chumbani kwake. Benchi limejaa. Binti kaniitikia bila kuniangalia, kaendelea na mteja wake – mjane, shemeji zake wamebadilisha kufuli, watoto wanalala kwa jirani. Kesi inatajwa mwezi ujao. Chumba kitakuwa kimeshafungwa.

Mjane akaniona nimevaa nyeusi. Akaniuliza na mimi wamenichukulia nini. Nikasema hawajachukua kitu, nyumba ninayo yote. Akasema, "Basi shukuru, dada yangu."

Nimerudi nyumbani. Vyumba vyote ninavyo, kweli. Nimekaa jikoni na koti langu mwilini.

Jumapili, 9 Machi

Nimempigia mwenyekiti. Kacheka. Profesa, usijisumbue, kachumba tu kale! Nikamweleza kuhusu maslahi, kwamba uamuzi wenyewe una kasoro. Akaacha kucheka. Akaniuliza kama kweli nataka hilo liandikwe, na mimi nikiwa kwenye kamati ya nidhamu ya mawakili. Watanitoa tu, hata sihitaji kuambiwa. Na bodi nyingine zitafuata.

Nilisema nitafikiria. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

Alhamisi, 20 Machi

Niko kikaoni. Naandika hapahapa, watadhani naandika hoja. Na ninayo. Kabla ya kuthibitisha kumbukumbu za kikao kilichopita nitasema yote: mimi ni mama yake, sikutangaza, suala lirudi mezani. Nimelala nalo, nimeamka nalo. Binti hajui. Asubuhi nilipita mlangoni kwake, anapanga mafaili kwenye maboksi. Aliniamkia. Vizuri tu, kama mgeni.

Mwenyekiti kauliza kama kuna masahihisho. Nimenyoosha mkono.

Hakuinua hata macho! "Asante Profesa, umeunga mkono, kumbukumbu zimethibitishwa. Ajenda ya pili." Katibu kaandika jina langu. Mhadhiri wa pembeni kanisogezea biskuti.

Nimesema, "Mwenyekiti." Kasauti kadogo, feni imekameza.

Ajenda ya pili ni samani za sebule. Naandika kwa mkono wa kulia. Wa kushoto bado uko juu. Bega linauma – linauma kweli! Katibu ameacha kuandika, ananitazama, anamgusa mwenyekiti kiwiko. Siushushi.