Ishinge ya Mlima wa Baba

Jumatatu, 12 Mei
Nimepanda mlimani asubuhi, kama kila mwaka. Ishinge, nyasi yangu ya kusukia vikapu, bado. Nimegonga mabua kwa kiganja, mbegu hazidondoki. Zisipodondoka, sivuti hata bua moja. Nyasi hii ina kiburi chake: udongo mnono haiutaki. Inataka changarawe na upepo. Pale mahindi yanapokufa ndipo inapostawi.

Ijumaa, 16 Mei
Mdogo wangu Konsolata kapiga simu. Bintiye anaolewa Desemba, kule Gitega. Anataka igiseke, kile kikapu cha kifuniko kirefu, nikisuke mimi. Nimefurahi mpaka nimeunguza maharage.

Jumapili, 18 Mei
Baada ya misa tumepanda mlimani, mimi na Konsolata. Nimemwonyesha: unavuta bua, linachomoka, shina linabaki ardhini, mwakani linatoa tena. Kambini Tanzania, tulipokuwa wakimbizi, mama alisukia nyuzi za magunia, huku akitusimulia mlima huu. Konsolata kauliza mpaka wetu unaishia wapi. Nikamwonyesha.

Alhamisi, 29 Mei
Sokoni Butihinda. Rangi nyeusi ya kikapu hakuna. Mvua imekwisha. Mbegu karibu kudondoka.

Jumanne, 3 Juni
Mlima uko uchi.
Wamepiga jembe, mashina na mizizi, mbegu zikiwa bado kwenye mabua. Nimefuata majani yaliyodondoka njiani hadi shambani kwa Konsolata. Ishinge yetu imetandazwa chini ya kahawa yake, ishike unyevu wa kiangazi. Watu hufyeka, wakaacha shina. Yeye kang'oa, eti jembe ni haraka zaidi.
Kaniambia: "Dada, ni majani tu. Na mimi pia ni mtoto wa baba."
Na mpaka nilimwonyesha mimi mwenyewe, mjinga mimi. Angekuwa mgeni ningepiga kelele kilima kizima kisikie. Kikulacho ki nguoni mwako.

Jumatano, 4 Juni
Sijala. Namchukia. Alisikia hadithi zilezile za mama, chini ya turubai lilelile la kambini. Hilo ndilo linaloniuma.

Jumatano, 15 Oktoba
Mvua kubwa jana. Maji yameteremka mekundu toka mlimani, yakapita katikati ya maharage yangu. Zamani ishinge ingeyazuia hukohuko juu.
Konsolata katuma ujumbe. Igiseke kimefikia wapi?
Nimemjibu: nangoja mbegu zidondoke.
Kisha nimechukua jembe, nikaenda kufukia mizizi ya maharage.