Mkuyu wa Kwenye Karai

Marahaba, mjukuu wangu Koku. Hapa Kiseke tu wazima. Shangazi yako amejifungua mtoto wa kiume, na ziwa limejaa mpaka kwenye mawe ya kufulia.

Umeniuliza kama huo mti wako wa maple, unaoulea kwenye chungu huko Kanada, unaumia ukiukunja kwa waya.

Nilipokuwa msichana niling'oa mche wa mkuyu kwenye ufa wa jiwe, nikaupanda kwenye karai lililotoboka. Kila mwaka niliupunguza mizizi ili ubaki mdogo, na shina nikalifunga waya mpaka likapinda kama kiwiko. Nilipokwenda chuo Butimba, mama yangu, huyo uliyepewa jina lake, aliuonea huruma. Aliufungua waya, akauhamishia ardhini nyuma ya nyumba.

"Na wewe sasa pumua," aliuambia.

Niliporudi likizo nilinuna, kisha nikazoea. Leo mkuyu umepita paa, na mizizi imepasua ukuta wa choo. Kama uliumia, sijui. Ila kile kiwiko hakikunyooka. Kimenenepa tu, na mti wote umesimama juu yake.

Ni mimi bibi yako.