Kamba ya Ng'ombe wa Gisozi

Nyakabanda, Jumapili usiku

Bila mimi, Kigali hii isingejua video ni kitu gani. Leo wanafunzi wamenifuata hapa nyumbani, wakiongozwa na Solange, binti wa dada yangu, tupange picha za wimbo wao wa harusi. Kamera wameazimwa kwa siku moja tu, Jumamosi.

Nikawaambia, bila ng'ombe nani ataamini bibi harusi ametolewa mahari? Nikawasimulia lile dume nililoliangusha kwa mkono mmoja kule Nyanza. Walicheka mpaka mmoja akapaliwa na chai.

Solange akaruka. "Basi tumepona! Kuna mzee kule Gisozi anatuazima ng'ombe wake wa pembe ndefu, ila anataka mtu mzima wa kumshika kamba. Mjomba, ni wewe!"

"Iko rahisi," nikasema. Na kifua nikakitoa!

Alivyofurahi yule mtoto, nitamwambiaje? Nikikataa, ng'ombe hatoki, na kamera inarudi kwa wenyewe. Mnyarwanda mzima, mwenye ndevu... Mimi nimekulia mjini, chini ya cherehani ya baba. Ng'ombe akinitazama tu, navuka barabara.