Baba, Kuna Mtu Aliitamani Nyumba ya Duluti

Mpendwa baba,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa dirishani kwako, hapa panapoonekana ziwa lote la Duluti. Unakumbuka Jumapili zile, tukitoka kanisani unatupeleka kulizunguka? Mdogo wangu Elia mgongoni kwako, mimi nimeshika koti lako, ukituonyesha kenge waliolala juu ya magogo. Watalii walipotupita na kamera zao ulicheka kimyakimya: "Hawa wamepanda ndege kuja kuona tunachokiona tukinywa chai." Siku nyingine uliniambia, "Ziwa ni la serikali. Dirisha ni letu."

Baba, kuna mtu aliitamani nyumba hii.

Alikuja mchana mmoja, mwanamume wa makamo. Alisema ametoka kutembea ziwani, anaomba maji ya kunywa. Viatu vyake havikuwa na tope wala vumbi. Mama alimkaribisha, unamjua mama. Mimi nilibaki nimesimama. Popi, mbwa wetu anayembwekea hata mchungaji, alimwendea akitikisa mkia.

"Umewahi kufika hapa?" nikamuuliza.

"Hapana, dada. Ndiyo mara ya kwanza."

Akaomba kwenda chooni. Kabla sijamwelekeza, alikwishapita nyuma ya jiko, moja kwa moja. Aliporudi alisimama kwenye migomba, karibu na kaburi lako, akawa anapima kwa macho mpaka ulipo msitu wa ziwa.

Tangu hapo nilimshuku kila mtu. Jirani akiuliza hali ya mama, najiuliza ametumwa na nani. Ndipo nikawaza: kama alishawahi kufika hapa, ni lini? Nyumba hubaki tupu siku za soko tu, mimi na mama tukienda Tengeru. Na ufunguo wa pili anao Elia.

Siku ya soko iliyofuata nilimwacha mama na ndizi zake, nikarudi. Niliwakuta sebuleni, Elia na yule mwanamume, na mwanamke ameshika futi ya kupimia.

"Ukivunja ukuta huu," Elia alikuwa akisema, "wageni wataliona ziwa wakiwa kitandani."

Aliponiona aliondoa mkono ukutani. Mwanamume akasema, "Dada, kaka alituambia mmekubaliana."

"Nyumba ni ya mama. Na mama yuko sokoni, hajafa."

Waliondoka bila kuaga. Elia aliketi kwenye kiti chako. "Ningekwambia, dada. Nilitaka kwanza mambo yakae sawa."

"Na baba ungemhamishia wapi?"

Aligeuka akatazama migombani.

Mama alipoambiwa hakulia. Alinyoosha mkono tu, akapewa ufunguo, akaufunga kwenye pindo la kanga. Wazee wa ukoo walikaa, wakasema nyumba haiuzwi maadamu mama yu hai. Elia akapiga magoti, akaomba radhi, na mama akamsamehe palepale.

Mimi nilisema nimemsamehe. Lakini akimletea mama sukari, nawaza anataka nini. Akisema ziwa limependeza leo, nawaza anamsifia mnunuzi gani.

Jana mvua ilimzuia kurudi kwake. Tulikula pamoja, tukacheka kidogo, nikamtandikia kitanda chake cha utotoni. Kisha nikaingia chumbani kwangu na kufunga mlango kwa ufunguo. Humu ndani hatujawahi kufungiana milango, baba.

Pumzika. Nyumba tunayo bado.

Binti yako mkubwa